China Katika Daftari Langu la Pili

Katika shule niliyosoma kidato cha tano na cha sita, shule ya bweni ya serikali iliyoko kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini, somo la Historia lilikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la historia ya Afrika na la pili la historia ya dunia, kwa kuwa mtihani wa taifa nao ulikuwa na karatasi mbili, na mwalimu alitukataza kabisa kuchanganya notisi za karatasi moja na za nyingine. Daftari langu la pili nililivisha jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, na humo ndani, baada ya Mapinduzi ya Viwanda, kuinuka kwa Marekani na Japani, na Mapinduzi ya Urusi ya 1917, ndimo ilimokuwa China: kurasa kumi na moja za mwandiko wa haraka, zilizoanza na Vita vya Kasumba na kuishia tarehe 1 Oktoba 1949. Daftari hilo ninalo hadi leo. Nimelifungua tena mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na kila ninapolifungua naona jambo ambalo nilipokuwa na miaka kumi na tisa sikuliona, ingawa niliyaandika maneno yote kwa mkono wangu mwenyewe.

China haikuwa ngeni kabisa tulipofika kidato cha tano. Tulikwisha kukutana nayo kidato cha pili, katika mada ya mawasiliano ya Afrika na nchi za Mashariki ya Kati na Mashariki ya Mbali, ambako ilikuwa jina tu katika orodha ya biashara: wao walileta vyombo vya kauri na hariri, sisi tukatoa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kobe. Hakuna aliyetuambia kwamba mabakuli ya Kichina yalijengewa kwenye nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi, mwendo wa daladala kutoka katikati ya Dar es Salaam, wala kwamba mwaka 1415, katika enzi ya safari za majini za Zheng He, twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme Yongle na kupokewa kama qilin, yule mnyama wa baraka wa hadithi za Kichina. Tulipewa orodha, tukaikariri, tukafaulu. Nayasema haya bila kumlaumu mtu, kwa sababu orodha ndiyo njia ya haraka ya kufundisha darasa la wanafunzi sabini wenye vitabu vinne.

Vitabu hivyo ndivyo vilivyoniingiza katika kosa langu la kwanza. Notisi za mwalimu zilitoka katika kitabu kipya kilichoandika Mao Zedong, Zhou Enlai na Jiangxi. Maktaba ya shule ilikuwa na kitabu kimoja kikuukuu kisicho na jalada, ambacho nilikiazima kwa zamu na wenzangu wa bwenini, na humo walikuwamo Mao Tse-tung, Chou En-lai na Kiangsi. Nilisoma vyote viwili kwa bidii ya mtu anayetaka kuwapita wenzake. Katika jaribio la kwanza niliandika insha ambamo Mao Tse-tung alikuwa kamanda aliyewaongoza wakulima huko Kiangsi, na Mao Zedong alikuwa mwanafikra aliyeupokea ushindi huo na kuitangaza Jamhuri mjini Beijing. Kisha nikaongeza, kwa kujiamini kabisa, kwamba mshikamano wa viongozi hao wawili ulikuwa mojawapo ya sababu kuu za kufanikiwa kwa mapinduzi. Mwalimu alipigia mstari aya nzima kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni maneno mawili tu: “Mtu mmoja.”

Aliporudisha karatasi hakunitaja jina, bali aliuliza darasa ni nani ajuaye mji wa Quiloa ulikuwa wapi. Watu walinyamaza. Akatuambia kwamba Quiloa ni Kilwa, kama Wareno walivyoisikia na kuiandika, na kwamba Wachina nao maneno yao yaliandikwa na Waingereza kwa namna moja kwa muda mrefu, hadi serikali yao ilipoanza mwaka 1979 kutumia tahajia yake yenyewe, pinyin, katika machapisho yote ya lugha za kigeni. Siku hiyo nyuma ya daftari nilichora safu mbili, ya zamani na ya sasa, nikaanza kupanga: Peking na Beijing, Yenan na Yan’an, Kuomintang na Guomindang. Chiang Kai-shek, kiongozi wa Kuomintang, chama kilichopigana na Wakomunisti wa Mao, alinisumbua kuliko wote, kwa kuwa hata kitabu kipya kilimwacha na jina la zamani, na nilipokutana na Jiang Jieshi mahali pengine nilikaa wiki nzima nikimtafuta ni nani. Safu zile mbili zilinifundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye muhtasari wa somo, yaani kuuliza kwanza kitabu kimeandikwa lini na nani kabla ya kuuliza kinasema nini.

Lugha ilituchezea kwa namna nyingine pia. Tulifundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu alipofika kwenye Vita vya Kasumba aliona nyuso zetu hazielewi, akalitaja neno la Kiswahili. Kwetu sisi, watoto waliozaliwa baada ya Azimio la Arusha, kasumba ilikuwa ni ile kasumba ya kikoloni, mawazo mabovu ya kujidharau ambayo wazee walikuwa wakiyakemea kwenye hotuba. Mwenzangu mmoja alinyoosha mkono na kuuliza, kwa nia njema kabisa, iwapo Wachina walipigana na Waingereza ili kuondoa kasumba vichwani mwao. Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka, alisema kwamba swali hilo lina akili kuliko linavyoonekana, kisha akaeleza kwamba kasumba ni utomvu wa mpopi, kilevi kilicholimwa India chini ya Waingereza na kuuzwa China ili fedha iliyokuwa ikilipiwa chai ya Kichina irudi mikononi mwa wafanyabiashara wao, na kwamba maana ile tuliyoizoea imetokana na hii.

Kipindi kilichofuata, kilichohusu Mkataba wa Nanjing, ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote vya miaka ile miwili. Alisimulia jinsi Lin Zexu, ofisa aliyetumwa Guangzhou na mfalme, alivyonyang’anya zaidi ya masanduku 20,000 ya kasumba na kuiharibu huko Humen mwezi Juni 1839, ikivurugwa kwa chumvi na chokaa ndani ya mashimo ya maji na kusukumwa baharini; jinsi manowari za Uingereza zilivyokuja; na jinsi Lin huyohuyo alivyotupiwa lawama na kuhamishiwa Ili, mpakani kabisa mwa magharibi. Kisha akaandika ubaoni masharti ya tarehe 29 Agosti 1842: kisiwa cha Hong Kong kwa Waingereza, bandari tano kufunguliwa, na fidia ya dola milioni 21 za fedha, ikiwemo thamani ya kasumba iliyoharibiwa. Kabla hajamaliza kuandika, sauti ilitoka nyuma ya darasa: “Mangungo!” Na darasa zima likaitikia, “Mangungo!”

Kwa asiyesoma Tanzania, Mangungo wa Msovero ndiye yule mtemi wa Usagara aliyetia alama kwenye karatasi ya Karl Peters mwaka 1884, na jina lake limebaki kuwa tusi la kila mtu anayesaini mkataba mbovu, kuanzia mwenyekiti wa kijiji hadi waziri. Mwalimu aliacha chaki. Alituuliza: Mangungo alijua kilichoandikwa? Tukajibu hapana, alidanganywa. Akauliza tena: hawa maofisa waliosaini juu ya meli ya kivita ya Waingereza, wakiwa wasomi waliofaulu mitihani migumu kuliko yenu, walijua? Tukasema ndiyo. Basi, akasema, nani ana kosa zaidi, aliyesaini asichokijua au aliyesaini anachokijua huku mizinga imeelekezwa kwenye mji wake? Mjadala uliendelea hadi kengele ya chakula cha mchana, na wapo walioendelea nao kwenye foleni ya ugali. Katika mtihani hakuna alama iliyotolewa kwa mjadala huo. Lakini ndio uliofanya, kwa mara ya kwanza, daftari la pili liliguse la kwanza.

Laiti yangegusana mara nyingi zaidi. Miezi michache baadaye tulisoma uasi wa Boxer, ambao Wachina wenyewe waliuita Yihetuan, uliotoka katika vijiji vya Shandong na kuwaka hadi Beijing mwaka 1900. Vijana hao, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima waliokumbwa na ukame, walifanya ibada za kupandisha mizimu na kuamini kwamba panga na risasi hazitawaingia. Katika daftari la kwanza, chini ya kichwa tofauti na wiki tofauti, nilikuwa nimekwisha kuandika habari za Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, na vita iliyoanza Umatumbi mwezi Julai 1905. Ni miaka mitano tu kati ya kisa kimoja na kingine, na katika visa vyote viwili bendera ya Ujerumani ilikuwapo upande wa pili: huko China kama mojawapo ya mataifa manane yaliyotuma majeshi na kisha kupata takriban moja ya tano ya fidia ya wakia milioni 450 za fedha, na huku kwetu peke yake. Hata Lettow-Vorbeck, ambaye kila mtoto wa kidato cha tatu anamjua kwa vita vya Tanga vya 1914, alikuwa China mwaka 1900 akiwa ofisa kijana. Von Trotha alianza kwa kuongoza jeshi la Wajerumani hapa Afrika Mashariki, akaenda China, kisha akaenda kuwaangamiza Waherero huko Namibia mwaka 1904. Watu walewale walizunguka, na mafunzo yao ya kuzima uasi yalizunguka nao.

Hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba maswali yote mawili, la Boxer na la Majimaji, yalihitaji sababu za kushindwa, na kwamba “imani za kishirikina” ilikuwa pointi inayokubalika kwa yote mawili. Nina aibu kidogo kusema kwamba niliandika sentensi ileile, neno kwa neno, katika karatasi mbili, nikabadilisha jina la vita tu, na nikapata alama kote kuwili. Tulikuwa na msemo wetu wa bwenini, kushusha nondo, yaani kumwaga pointi nzito mpaka msahihishaji aridhike, na hiyo ilikuwa nondo yangu niliyoitegemea. Ingenitosha kujiuliza kwa nini vijana wa Shandong na wazee wa Umatumbi, wasiojuana hata kwa jina, walifikia tumaini la aina moja mbele ya bunduki ya aina moja. Lakini swali la namna hiyo halina pointi sita.

Mkataba wa Versailles, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, nao tuliusoma mara mbili. Katika daftari la kwanza ndio uliomnyang’anya Mjerumani Tanganyika, ikaja kuwa chini ya Mwingereza kwa udhamini wa Shirika la Mataifa. Katika la pili ndio uliochukua haki za Wajerumani huko Shandong na kuzikabidhi kwa Wajapani badala ya kuzirudisha China, ingawa China ilikuwa upande wa washindi na vibarua wake wapatao 140,000 walikwenda Ulaya kuchimba mahandaki na kubeba mizigo. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa Beijing waliandamana tarehe 4 Mei 1919, na miaka miwili baadaye Chama cha Kikomunisti kikaundwa Shanghai. Huku kwetu wapagazi wa Carrier Corps, waliobeba mizigo katika vita hiyohiyo, walituachia jina la Kariakoo. Karatasi ile moja iliwagawa watu wa sehemu zote mbili kwa vifungu tofauti, na sisi tuliisoma kana kwamba ni mikataba miwili iliyopewa jina moja.

Kisha ikaja mada yenyewe, mapinduzi, na hapo ndipo nilipoipenda China kweli. Sioni haja ya kujitetea. Kijana wa kidato cha sita aliyelala bwenini lenye vioo vilivyovunjika atavutiwa na Safari Ndefu apende asipende. Watu wapatao 86,000 waliondoka Jiangxi Oktoba 1934 wakiwa wamezingirwa na majeshi ya Chiang Kai-shek. Mwaka mmoja baadaye waliofika kaskazini mwa Shaanxi walikuwa chini ya elfu nane. Katikati ya safari, mwezi Januari 1935, walikaa kikao mjini Zunyi ambacho kilimpandisha Mao. Wachina wanasema umbali ulikuwa li 25,000, yaani kilometa 12,500. Nilipenda zaidi kanuni za nidhamu walizopewa askari: wasichukue hata sindano wala uzi wa mwananchi, walipe walichoharibu, warudishe walichoazima. Katika toleo la awali ilikuwapo amri ya kurudisha mahali pake milango ya nyumba waliyoing’oa ili kuilalia usiku. Amri hiyo ya milango ilinishinda nguvu. Nilimwona mwenye nyumba akiamka asubuhi, jeshi limepita, na mlango wake umerudishwa kwenye bawaba zake.

Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani, karibu na Makambako, nikamsimulia baba Safari Ndefu nzima tukiwa tumekaa jikoni. Baba alikuwa mjenzi wa reli ya TAZARA. Aliandikishwa akiwa kijana na kufanya kazi katika kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambako reli inapanda milima kwa madaraja na mahandaki mfululizo, na alikuwa na kijitabu chekundu cha nukuu za Mwenyekiti Mao kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa Peking, ambacho mama alikitumia kuhifadhia stakabadhi. Nilipomtajia kilometa 12,500 alitikisa kichwa, akaniambia kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilometa 1,860, na kwamba yeye kwa sehemu yake ndogo tu magoti yalikwisha. Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, akageuzia kwenye kichekesho.

Kulikuwa na fundi mmoja wa Kichina, alisema, mtu wa makamo kidogo, hajafika arobaini, mpole, aliyewaita vibarua wote pengyou, yaani rafiki. Wachina walikuwa na kambi zao na jiko lao, lakini siku za kazi ya mbali chakula cha mchana kililiwa palepale kwenye tuta. Siku moja kibarua alijikwaa na kumwaga bakuli la fundi yule. Wali ukatapakaa juu ya kokoto. Vijana wakategemea atakasirika au atakwenda kuomba mwingine. Badala yake alichuchumaa, akaanza kuokota punje moja moja kati ya kokoto, akizipuliza vumbi na kuzirudisha bakulini, kwa muda mrefu kiasi kwamba wenzake walimaliza kula na kurudi kazini akiwa bado anaokota. Tangu siku hiyo, akasema baba huku akicheka, tulimwita Mkono wa Birika, na yeye akidhani ni jina la heshima alikuwa akiitika. Sote tulicheka, mama naye akacheka. Mimi nikarudi shuleni na kumsimulia kila mtu, na katika insha yangu ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa niliingiza pointi kuhusu uwekevu wa Wachina.

Maswali ya mapinduzi yalikuwa na umbo lake maalumu. Eleza sababu sita za kufanikiwa kwa Mapinduzi ya China. Halafu, mara nyingi, onyesha mafunzo ambayo nchi kama Tanzania inaweza kuyapata. Sababu tulizijua kama sala: wingi wa wakulima na madai yao ya ardhi, uongozi wa Mao, rushwa na mfumuko wa bei chini ya Kuomintang, uvamizi wa Wajapani wa 1937 uliokiongezea chama wafuasi vijijini, nidhamu ya jeshi, na udhaifu wa mabeberu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mafunzo tuliyajua hata zaidi: kujitegemea, kilimo, umoja, uongozi bora. Kisha hitimisho, na hapo China ilikuwa imekwisha. Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao alisimama juu ya lango la Tiananmen, akatangaza Jamhuri ya Watu, na sisi tukapiga mstari wa rula chini ya ukurasa wa kumi na moja. Ukurasa uliofuata ulianza na mada nyingine.

Sikuwahi kujiuliza watu wale walifanya nini tarehe 2 Oktoba.

Jibu lilinijia chuoni, kwa bahati tu, nikitafuta kitabu kingine katika rafu hiyohiyo. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni. Mwaka 1958 uongozi uleule wa Yan’an, makao ya Wakomunisti baada ya Safari Ndefu, ulianzisha kampeni ya Hatua Kubwa Mbele: wakulima wakaunganishwa katika makomuni makubwa, majiko ya nyumbani yakafungwa na watu wakala kwenye mabwalo ya pamoja, sufuria na majembe yakayeyushwa katika tanuri za uani ili kupata chuma ambacho kingi hakikufaa kitu, na shomoro wakafukuzwa kwa kupigiwa masufuria hadi waanguke, jambo lililowapa wadudu nafasi ya kula mazao. Viongozi wa chini waliripoti mavuno ambayo hayakuwapo, kwa kuwa aliyeripoti kidogo aliitwa msaliti, na serikali ikachukua nafaka kwa kufuata hesabu za ripoti hizo. Peng Dehuai, Waziri wa Ulinzi na mmoja wa makamanda wa Safari Ndefu, alimwandikia Mao barua ya kumweleza hali katika mkutano wa Lushan wa 1959, akavuliwa wadhifa. Njaa iliyofuata, hasa kati ya 1959 na 1961, iliua watu ambao makadirio ya wanahistoria yanaanzia milioni 15 na kupita milioni 40. Henan, Anhui na Sichuan ziliumia kuliko mikoa mingine mingi. Jeshi lililoapa kutochukua sindano wala uzi lilikuwa sasa na serikali iliyochukua mbegu.

Nilikasirika, na hasira yangu kwanza ilikwenda kwa notisi. Baadaye nilipoa kidogo. Mada yetu iliitwa kuinuka kwa ujamaa, na kitu kikishainuka mada imekwisha. Mtunzi wa muhtasari hakuhitaji kuficha chochote, umbo la swali lilimfichia. Kile kitabu kikuukuu cha maktaba nacho kiliandikwa miaka ileile ambayo Wachina walikuwa wanatoboa milima yetu kwa mkopo usio na riba, baada ya Benki ya Dunia na nchi za Magharibi kukataa kuijenga reli hiyo, na ni vigumu kumtazama rafiki wa namna hiyo kwa jicho la mkaguzi. Ninachoshindwa kukisamehe ni hiki: Chama cha Kikomunisti cha China chenyewe kilipitisha azimio mwezi Juni 1981 na kukiri makosa ya Hatua Kubwa Mbele na ya Mapinduzi ya Utamaduni, akitajwa Mao kwa jina. Sisi tulifanya mtihani miaka zaidi ya ishirini baadaye. Notisi zetu zilikuwa zinamtetea Mao kuliko chama chake.

Na kulikuwa na sababu ya pili ya kutotaka kuzigusa habari hizo, iliyo karibu na nyumbani. Bibi yangu alihamishwa shambani kwake wakati wa Operesheni Vijiji, akaacha mianzi yake na nyumba ya kukandikwa aliyoijenga na babu. Ukame ulikuja miaka hiyohiyo, na serikali ililazimika kununua chakula nje. Sitaki kufananisha, kwa kuwa kilichotokea China ni kikubwa mno na huku kwetu hakuna aliyekufa kwa mamilioni. Lakini ile sehemu ya pili ya swali, mafunzo kwa nchi kama Tanzania, ingekuwa sehemu ngumu na ya kweli kama China ingeruhusiwa kuendelea hadi 1961. Mtahiniwa angelazimika kuandika kuhusu ripoti za uongo, kuhusu barua ya Peng, na kuhusu mzee anayetolewa shambani kwake na watu wanaoamini kwa dhati kwamba wanamsaidia.

Yule mwalimu wetu, ambaye ndiye aliyetuuliza juu ya Mangungo, nilikutana naye miaka mingi baadaye kwenye stendi ya mabasi. Nilimwamkia, nikamuuliza, kwa heshima, kama alizijua habari za njaa wakati anatufundisha. Alisema alizijua. Akasema pia kwamba mwaka aliojaribu kuzifundisha, alitumia vipindi vitatu, akachelewa kumaliza muhtasari, na wanafunzi wake wakalalamika kwa mkuu wa shule kwamba anawafundisha mambo yasiyotoka kwenye mtihani. Sikuwa na la kumjibu. Nilijua kwamba mimi ningekuwa wa kwanza kulalamika.

Mwaka 2016 nilikuwa nyumbani, baba ameshakuwa mzee wa fimbo, na jioni moja alianza tena kusimulia kisa cha Mkono wa Birika kwa wajukuu. Watoto walicheka mahali palepale tulipochekea sisi. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu kichwani: kazi ile ya Mlimba ilikuwa 1972, fundi hajafika arobaini, kwa hiyo mwaka 1960 alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Watoto walipokwenda kulala nilimweleza baba. Nilimweleza habari za mabwalo, za tanuri, za ripoti, na za watu waliokula magome ya miti. Sikumwambia kwamba nina hakika ndiyo sababu fundi yule aliokota wali, kwa kuwa sina hakika. Huenda alikuwa mtu mwekevu tu. Nilimwambia miaka, nikaiacha mbele yake.

Baba alikaa kimya akizungusha fimbo yake sakafuni. Aliniuliza njaa hiyo ilishika mikoa ipi, nikamtajia. Akauliza tena, taratibu, kana kwamba anasikiliza kama kuna jina litakalogonga mahali. Halafu akatikisa kichwa.

“Tulikaa naye miezi kumi na minane, mwanangu,” akasema. “Hatukuwahi kumuuliza kwao ni wapi.”